Tathmini ya athari kwa mazingira katika kupanga utupaji wa taka za mionzi: ifanyike lini, na inaongeza nini?

MpangaArdhi aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimo katika kikundi kinachoandaa maoni kuhusu rasimu ya mwongozo wa kupanga maeneo ya utupaji wa kudumu wa taka za mionzi, na nimekabidhiwa sura ya tathmini ya athari kwa mazingira. Fani yangu ni mipango ya matumizi ya ardhi, kwa hiyo barabara, mabwawa na viwanda ninavifahamu vya kutosha, lakini mradi ambao madhara yake yanahesabiwa kwa maelfu ya miaka sijawahi kuushughulikia.

Kuna mambo matatu yanayonitatiza. La kwanza, rasimu inadai kwamba mwenye mradi atawasilisha tathmini ya usalama inayofika hadi miaka milioni moja mbele, na baadhi ya wajumbe wenzangu wanauliza kwa nini basi tudai tathmini nyingine ya mazingira, ilhali swali kubwa zaidi, yaani iwapo mionzi itawafikia watu, limekwisha kujibiwa. La pili ni wakati wa kuifanya. Mhandisi mmoja kikundini anashikilia kwamba kabla ya eneo kuteuliwa hakuna cha kupima, na kwamba tathmini ya mapema itakuwa insha tu. Mimi nahofia kwamba ikisubiri hadi eneo liwe limeteuliwa, itakuwa muhuri. La tatu, kila tathmini hutakiwa kueleza kitakachotokea iwapo mradi hautatekelezwa. Kwa barabara jambo hilo ni rahisi, kwa sababu msongamano utaendelea kama ulivyo. Kwa taka ambazo tayari zipo na haziwezi kutoweka, sentensi hiyo inaandikwaje bila kuwa ya uongo?

Ningeshukuru kupata majibu kutoka kwa watu waliowahi kusoma au kuandika ripoti za aina hii, pamoja na mifano halisi.

Kinga_Mionzi alijibu:

Ndugu MpangaArdhi, nitajibu lile la kwanza, kwa kuwa ndilo lililo karibu na kazi yangu, na haya mengine nitawaachia wanasheria.

Tathmini ya usalama hujibu swali moja kwa kina kikubwa: mtu atakayeishi karibu na eneo hilo, awe wa leo au wa milenia zijazo, atapata kipimo gani cha mionzi, na je, kipimo hicho kiko chini ya kikomo kilichowekwa? Haiulizi juu ya maji yatakayosukumwa nje ya mahandaki wakati wa uchimbaji na visima vya jirani vitakavyopungua kina. Haiulizi juu ya vilima vya kifusi, kelele, vumbi, njia za wanyama, au misafara ya malori na treni itakayopita katika miji ile ile kwa miongo kadhaa. Kituo cha Onkalo cha kuzikia taka za nyuklia kule Olkiluoto, Ufini, kilichochimbwa kwenye mwamba mgumu kwa kina cha mita zipatazo 430, kimepangwa kufanya kazi kwa takriban miaka 100 kabla ya kufungwa. Kwa kizazi kinachoishi jirani na mradi kama huo, athari nyingi watakazoziona kwa macho yao zitatokea katika karne hiyo moja, nazo karibu zote ziko nje ya hesabu ya mionzi.

Hata hivyo, nisingependa wajumbe wenzako waelewe kwamba tathmini ya mazingira ni ya vumbi na malori tu. Ina kazi nyingine ambayo tathmini ya usalama haiifanyi vizuri, nayo ni kumweleza mwananchi hatari ilipo hasa. Chukua mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika vinuni. Katika karne za mwanzo kinachotawala ni sesiamu-137 na strontiamu-90, ambazo kiasi chake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo baada ya miaka 300 hubaki takriban sehemu moja ya elfu. Plutoniamu-239 huhitaji miaka 24,100 kupungua kwa nusu, na ndiyo inayoogopwa na watu wote. Lakini ukisoma hesabu za muda mrefu za vituo vya chini ya ardhi, mara nyingi utakuta kwamba kinachofika juu kupitia maji si plutoniamu, kwa sababu hiyo hushika kwenye udongo na mwamba na haisafiri kwa urahisi. Kinachofika ni vitu kama iodini-129, ambayo nusu yake hudumu karibu miaka milioni 16 na ambayo huenda na maji popote yaendako. Ripoti ya mazingira isiyomweleza msomaji jambo hili kwa lugha ya kawaida, ikaishia kumwelekeza kwenye kiambatisho cha kitaalamu, imeshindwa katika kazi yake hata kama namba zake zote ni sahihi.

Lipo pia suala la kikomo cha muda wenyewe, ambalo wahandisi hupenda kulichukulia kama jambo la kiufundi. Huko Marekani, kanuni za Yucca Mountain, mradi wa kuzika taka za nyuklia chini ya mlima, zilidai hesabu ya miaka 10,000. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ilitengua kipengele hicho, kwa kuwa hakikuendana na ushauri wa Chuo cha Taifa cha Sayansi, ambacho mwaka 1995 kilisema kwamba kilele cha mionzi kingeweza kuja baadaye sana. Mwaka 2008 kanuni mpya ikatolewa: milisivati (kizio cha kupimia mionzi anayoipata mtu) 0.15 kwa mwaka katika miaka 10,000 ya kwanza, na milisivati 1 kutoka hapo hadi miaka milioni moja. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili humpatia mwanadamu wastani wa takriban milisivati 2.4 kwa mwaka. Kuamua kwamba watu wa baada ya mwaka wa 10,000 wavumilie kikomo kilicho zaidi ya mara sita ya kile cha wanaowatangulia ni uamuzi wa kimaadili, na mahali pa kuujadili hadharani ni kwenye mchakato wa mazingira.

WakiliMazingira alijibu:

Nachukua swali la pili na la tatu, nayo nitayajibu pamoja kwa sababu mfano ulio bora kwa moja ndio ulio bora kwa jingine.

Moyo wa tathmini ya mazingira ni ulinganishaji wa njia mbadala. Ukiuondoa huo, kinachobaki ni orodha ya madhara ya jambo lililokwisha kuamuliwa na namna ya kuyapunguza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1982 kuhusu taka za nyuklia ilikusudia maeneo kadhaa yachunguzwe na kulinganishwa. Mwaka 1987 Bunge la nchi hiyo likairekebisha na kuelekeza kwamba uchunguzi ufanyike Yucca Mountain peke yake, katika jimbo la Nevada, ambalo halikuwa limekubali. Ripoti ya mwisho ya athari kwa mazingira ilipotolewa mwaka 2002, sheria yenyewe ilikuwa imekwisha kuiondolea wajibu wa kulinganisha eneo hilo na mengine. Ilibaki kulinganisha kujenga na kutojenga. Nevada ilipinga, Bunge likapitisha azimio la kuupiku upinzani huo, maombi ya leseni yakawasilishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 serikali iliyofuata ikaomba kuyaondoa. Taka zimebaki zilipokuwa, kwenye vituo vya umeme vilivyotawanyika nchi nzima. Sisemi kwamba ulinganishaji wa maeneo ungeuokoa mradi. Siasa za Nevada zilikuwa na nguvu zake. Nasema kwamba ripoti yenye maelfu ya kurasa haikuwa na jibu kwa swali la kwanza la kila mkazi wa jimbo lile, yaani kwa nini hapa.

Linganisha na Ufini. Tathmini ya mazingira iliyokamilika mwaka 1999 ilishughulikia maeneo manne kwa pamoja: Eurajoki (ndiko kuliko na Olkiluoto), Loviisa, Kuhmo na Äänekoski. Uamuzi wa kimsingi wa serikali ulikuja Desemba 2000 na kuridhiwa na Bunge mwaka 2001, na halmashauri ya eneo husika ilikuwa na kura ya turufu kisheria. Ni kweli kwamba Eurajoki tayari ilikuwa na vinu vya nyuklia na watu wake walikuwa wameizoea sekta hiyo, kwa hiyo tusiufanye mfano huu kuwa hadithi ya muujiza. Lakini mpangilio wa hatua ndio unaokuhusu: tathmini kwanza, ikiwa na maeneo zaidi ya moja, kisha uamuzi wa kisiasa, na leseni ya ujenzi miaka mingi baadaye, mwaka 2015.

Sasa swali lako la tatu. Ripoti ile ile ya Yucca Mountain ilikuwa na sehemu ya "kutotekeleza mradi" ambayo ningependa kila mwandishi wa tathmini aisome. Waandishi walichora hali mbili. Katika ya kwanza, taka zinabaki kwenye maeneo 72 ya kibiashara na 5 ya serikali, zikilindwa na kufanyiwa matengenezo kwa miaka 10,000. Katika ya pili, ulinzi unakoma baada ya miaka 100 hivi, majengo yanaporomoka na taka zinaanza kuingia kwenye mazingira. Wao wenyewe walikiri kwamba hakuna hata mojawapo ya hali hizo iliyo na uwezekano mkubwa wa kutokea, ila zilitoa mipaka ya pande mbili ya kulinganishia. Unaweza kuukosoa mkabala huo, na wengi waliukosoa kwa sababu hali ya pili inaufanya mradi wowote uonekane mzuri. Hata hivyo ni uaminifu zaidi kuliko kuandika kwamba hali ya sasa itaendelea, kana kwamba walinzi, bajeti na uzio vitadumu milele.

Mahakama zimekwisha kulisemea jambo hili. Kwa miaka mingi tume inayodhibiti nyuklia nchini Marekani ilitoa leseni za vinu kwa kutegemea imani kwamba kituo cha kudumu kitapatikana wakati utakapohitajika. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ilitengua msimamo huo, ikisema kwamba tume ilipaswa kuchunguza athari za mazingira iwapo kituo hicho hakitapatikana kamwe. Tume ikasimamisha maamuzi ya mwisho ya leseni hadi mwaka 2014, ilipokamilisha tathmini ya jumla iliyoangalia vipindi vitatu vya uhifadhi: miaka 60 baada ya kinu kumaliza leseni yake, miaka 100 zaidi, na muda usio na kikomo. Hicho kipindi cha tatu ndicho ningekiweka katika mwongozo wenu bila kusita.

Jambo moja la nyongeza, nje kidogo ya maswali yako. Msidhani kwamba tathmini iliyokubaliwa na wataalamu inatosha. Nchini Kanada, kampuni ya umeme ya Ontario ilipanga kuzika taka za kiwango cha chini na cha kati kwa kina cha mita 680 karibu na Ziwa Huron, huko Kincardine. Jopo la mapitio lilihitimisha mwaka 2015 kwamba mradi usingeleta athari kubwa mbaya iwapo masharti yangefuatwa. Mapema mwaka 2020 wananchi wa asili wa Saugeen Ojibway walipiga kura, zaidi ya asilimia 80 wakaukataa, na mradi ukaachwa kwa sababu kampuni ilikuwa imeahidi kutoujenga bila ridhaa yao. Ahadi hiyo ilitolewa mwaka 2013, mchakato ukiwa umekwisha kuendelea kwa miaka mingi. Ningependekeza ridhaa ya aina hiyo iwekwe kwenye mwongozo kama hatua yenye tarehe yake, mwanzoni.

Mhaidrojiolojia alijibu:

Nakubaliana na Wakili kuhusu mpangilio wa hatua, lakini mhandisi wa kikundi chenu hastahili kupuuzwa, kwa maana hoja yake imegusa jambo la kweli na kulielekeza kusiko.

Si kweli kwamba kabla ya kuteua eneo hakuna cha kupima. Kuna ramani za miamba, kumbukumbu za visima vya zamani, migodi iliyoachwa, mashapo ya madini ambayo vizazi vijavyo vitataka kuyachimba, mipasuko ya ardhi, na matumizi ya maji ya sasa. Hayo yanatosha kuondoa maeneo mabaya, ingawa hayatoshi kuthibitisha eneo zuri. Tathmini ya mapema ikikiri mpaka huo, haitakuwa insha.

Kinyume chake, ukichelewa unapoteza kitu ambacho hakirudi. Ukianza kuchimba shimo la kushukia, maji ya ardhini huanza kumiminika humo na mgandamizo wake hubadilika kwa umbali mkubwa, pengine kwa miongo. Kuanzia siku hiyo huwezi tena kupima hali ya asili ya maji. Unapima hali uliyoisababisha wewe mwenyewe. Vipimo vya msingi vya mgandamizo, kemia na umri wa maji ni lazima vikusanywe kwa miaka kadhaa kabla ya uchimbaji, kwenye maeneo yote yaliyobaki katika orodha fupi, na si kwenye lile linalopendwa peke yake. Ni gharama kubwa, na ndiyo maana wenye miradi hulikwepa.

Uingereza ilijifunza sehemu ya somo hili mwaka 1997. Kampuni ya Nirex iliomba kibali cha maabara ya chini ya ardhi karibu na kituo cha nyuklia cha Sellafield, ikisisitiza kwamba inaomba maabara tu na wala si kituo chenyewe cha taka. Waziri wa Mazingira alikataa, baada ya uchunguzi wa hadhara ambamo namna eneo lile lilivyochaguliwa ilikosolewa pamoja na uelewa wa maji na miamba yake. Kukata mradi vipande ili kila kipande kionekane kidogo ni mbinu ya zamani, na mwongozo wenu uizuie kwa jina.

Kuhusu kuanza bila tathmini kabisa, someni habari za Asse II, mgodi wa chumvi wa Ujerumani uliopokea mapipa yapatayo 126,000 kati ya mwaka 1967 na 1978 kwa jina la utafiti. Tangu mwaka 1988 maji yamekuwa yakiingia kila siku, na mwaka 2013 ilipitishwa sheria ya kuyatoa mapipa hayo yote, kazi ambayo itachukua miongo.

MpangaArdhi aliuliza tena:

Nawashukuru nyote, sura yangu imeanza kupata umbo. Naomba kuongeza swali moja. Mifano yote mliyoitoa ni ya nchi zenye vinu. Mwongozo huu unatakiwa kufaa pia mahali ambapo taka zilizopo ni vyanzo vya mionzi vilivyotumika hospitalini, viwandani na kwenye utafutaji wa mafuta na maji. Je, tudai tathmini ya ukubwa ule ule?

Kinga_Mionzi alijibu:

Hapana, na kufanya hivyo kutawaumiza. Tathmini ipimwe kwa hatari iliyopo na kwa muda itakaodumu. Iridiamu-192 inayotumika kukagua viungo vya mabomba hupungua kwa nusu kila baada ya siku 74. Chanzo kama hicho kinahitaji stoo yenye kufuli na subira ya miaka michache, wala si kituo cha kutupia. Kobalti-60, ambayo nusu yake ni miaka 5.3, huhitaji uhifadhi wa miongo kadhaa. Vigumu ni amerisiamu-241 yenye nusu ya miaka 432 na radiamu-226 yenye nusu ya miaka 1,600, kwa kuwa hakuna stoo iliyojengwa kudumu hivyo. Kwa hizo, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limekuwa likiendeleza njia ya kuziweka ndani ya shimo jembamba lililotobolewa mithili ya kisima, kwa kina cha makumi ya mita au zaidi. Eneo la juu linalohitajika ni dogo sana, na ripoti ya mazingira inaweza kuwa fupi, ila isiache kulinganisha njia mbadala: kumrudishia msambazaji, kuendelea kuhifadhi, au kutoboa shimo.

Kuwa na vyanzo vidogo kusiwafanye msahau mabaki ya migodi ya urani pale yalipo. Mionzi yake kwa kila tani ni ya chini, lakini ujazo wake ni mkubwa mno, yako juu ya ardhi mahali mvua na upepo vinayafikia, na radiamu iliyomo ni ile ile ya miaka 1,600. Hapo ndipo tathmini kamili inapohitajika, pengine kuliko kwenye shimo la vyanzo vya hospitali.

Na lile swali lako kuhusu kutotekeleza mradi lina jibu chungu zaidi huku kwenye vyanzo vidogo. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, mashine ya tiba iliyoachwa kwenye kliniki iliyohamishwa ilivunjwa na watu waliotafuta chuma chakavu. Ndani yake kulikuwa na unga wa sesiamu-137 usiofika gramu 100. Watu wanne walifariki, zaidi ya 110,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafuzi, na usafishaji ukazalisha taka za meta za ujazo zipatazo 3,500, ambazo zilihitaji kujengewa kituo chake. Kwa hiyo katika sura yako, usiruhusu kipengele hicho kijazwe kwa aya moja ya jumla. Dai orodha ya kila chanzo kisichotumika tena: aina yake, nguvu yake ya sasa, jengo kilipo, nani anashika ufunguo, na nani atalipia ulinzi wake iwapo taasisi hiyo itafungwa au kuhama. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha iwapo kituo kinahitajika kweli na kiwe cha ukubwa gani, kabla hata ya mtu kufungua ramani kutafuta eneo.